Baridi Yabisi Si Baridi ya Ziwa

Hapa Gisenyi mtu akiamka vidole vimevimba na kukakamaa, hulaumiwa upepo wa Kivu. Jina lenyewe, baridi yabisi, laelekeza huko. Lakini iko baridi yabisi ambayo asili yake si hali ya hewa wala uchawi. Mwenyezi Mungu ameupa mwili askari wa kuulinda na vijidudu. Katika maradhi haya askari hao hukosea, wakaushambulia utando laini wa viungo kana kwamba ni adui.

Alama zake ni maumivu ya viungo vidogo vya mikono yote miwili, na kukakamaa asubuhi kwa zaidi ya nusu saa. Huwapata wanawake zaidi kuliko wanaume. Kuchua kwa mafuta hutuliza, hakuzuii mifupa kulika. Tabibu anazo dawa za kuwatuliza askari hao, kama methotreksati, ambayo humezwa mara moja tu kwa juma, wala hapewi mjamzito.

Asiyeweza kusujudu ameruhusiwa kusali ameketi. Lakini asiketi nyumbani akingoja vidole vipinde. Vikishapinda, dawa haivinyoshi. Na aende hospitali mapema.

Wassalaam.