Santuri ya Kwanza ya The Damned

Wapo waliozoea kuuhesabu muziki wa panki kuwa ni makelele ya vijana wasiojua kupiga ala, nami nadhani wengi wa wasemao hivyo hawajapata kuitegea sikio Damned Damned Damned, santuri ya kundi la The Damned iliyotolewa na kampuni ya Stiff ya London mwezi wa Februari 1977, ikawa ndiyo albamu ya kwanza ya panki ya Uingereza, ikizitangulia za Sex Pistols na The Clash.

Ilirekodiwa Pathway, studio ndogo yenye mashine ya njia 8 tu, chini ya mtayarishaji Nick Lowe, ambaye busara yake ilikuwa kutoingilia kati, bali kuwaacha wale wanne wapige kwa kasi ile ile ya jukwaani, hata nyimbo 12 zikamalizika kwa dakika zipatazo 31. Takriban zote zilitungwa na mpiga gitaa, Brian James, na siri ya santuri hii imo humo: gitaa lake halisindikizi wimbo, bali huuamrisha, ngoma za Rat Scabies zikimwandama kama mdai aliyemwona mdeni wake sokoni, ilhali sauti nzito ya Dave Vanian, aliyepata kuwa mchimba makaburi, hupita juu ya ghasia hiyo bila ya hamaki. (Jalada, nalo, ni ufidhuli mtupu: wote wanne wamepakwa krimu nyuso nzima.)

Mwafaka ule haukudumu. Kabla ya mwaka kwisha waliongeza mpiga gitaa wa pili, wakasimamiwa na Nick Mason wa Pink Floyd, wakatoa santuri iliyopooza. Scabies akajitoa, na mapema mwaka 1978 kundi likavunjika. Waliporejea, Brian James hakuwamo. Captain Sensible, aliyekuwa mpiga besi, alishika gitaa, na Machine Gun Etiquette ya 1979 ikadhihirisha kuwa alikuwa na tamaa ya tuni pana zaidi. Wapo wanaoifadhilisha hiyo, na hoja zao si haba. Lakini kwa rai yangu hayo ni makundi mawili yaliyorithishana jina, na atakaye kumsikia Brian James akiwa amiri wa shughuli yake hana budi kuanza na New Rose, wimbo uliotangulia kutoka peke yake mwezi wa Oktoba 1976.