Kiwanja Kidogo cha Ndege na Macho ya Majirani

Hotuba kwa wawakilishi wa jamii za mipakani na wakazi wa Dzaleka, City Centre, Lilongwe



Baadhi yenu mmeuliza kwa nini tumechagua kuzungumzia viwanja vya ndege, na tena vile vidogo, ilhali wengi walioketi humu husafiri kwa basi, kwa baiskeli au kwa miguu. Swali hilo ni la haki. Tumechagua hivyo kwa sababu dalali wa safari anapomtafuta mtu wa kumdanganya, hupenda kukitaja kiwanja kidogo kana kwamba ni mlango wa uani: hakuna ukaguzi, hakuna foleni, lipa tu, na kesho utakuwa nchi nyingine. Maneno hayo ni matamu, na waliokata tamaa ndio wanaouziwa.

Tuanze na Likoma. Kisiwa hiki ni sehemu ya Malawi, lakini maji yanayokizunguka ni ya Msumbiji, na ufuko wa Msumbiji uko kilomita chache tu. Kilibaki upande huu kwa sababu ya wamisionari wa Kianglikana waliofanya makao yao hapo katika karne ya 19, na kanisa kuu walilolianza mwaka 1903 lingalipo. Ni wamisionari wa shirika lile lile lililojenga kanisa kuu la Zanzibar mahali palipokuwa na soko la watumwa. Tunalitaja hilo kwa makusudi. Ziwa hili liliwahi kuvukwa na majahazi yaliyobeba watu waliofungwa, kutoka Nkhotakota kuelekea Kilwa, na Kiswahili tunachozungumza leo kilifika kwenye fukwe hizi pamoja na biashara hiyo. Usafirishaji wa binadamu si jambo geni hapa. Vyombo tu ndivyo vilivyobadilika.

Mtu wa Likoma ana njia mbili za kufika bara. Moja ni majini, na chombo kinachojulikana kuliko vyote ni meli ya Ilala, iliyoanza kazi mwaka 1951. Nyingine ni kiwanja kidogo cha ndege. Sasa itazameni ndege yenyewe. Ina viti vichache. Jina la kila abiria huandikwa kabla ya safari. Mizigo hupimwa kwa mizani, na mara nyingi abiria mwenyewe hupanda mizani pia, kwa kuwa katika chombo kidogo kama hicho kila kilo ina hesabu yake. Injini ikisikika, watoto hukimbilia kiwanjani, na kabla ya magurudumu kusimama kisiwa kizima kimejua nani ameshuka. Anayetaka kujificha angejificha vizuri zaidi ndani ya basi lililojaa. Tena ndege hiyo inapoondoka inakwenda wapi? Kwa kawaida inarudi hapa hapa Lilongwe, kwenye Uwanja wa Kimataifa wa Kamuzu, ambako maofisa wa uhamiaji wapo na mashine za ukaguzi zipo. Aliyelipa akiba yake yote ili avuke mpaka kwa njia hiyo amenunua safari ya kutoka Malawi kwenda Malawi.

Hali ni hiyo hiyo kwa jirani zetu wa pwani ya bahari. Mji wa Lamu nchini Kenya, ulioingizwa mwaka 2001 katika orodha ya UNESCO ya urithi wa dunia, hutumia kiwanja kilichoko kisiwa cha pili, Manda. Abiria akishuka hutembea hadi gatini, kisha huvuka kwa mashua. Nahodha humwona, mpagazi humwona, na muuza maji humwona pia. Kaunti ya Lamu inapakana na Somalia, na tarehe 5 Januari 2020 wanamgambo wa Al-Shabaab walishambulia kiwanja cha kijeshi cha Manda Bay, ambacho ni kingine kabisa, wakaua Wamarekani 3. Katika mazingira kama hayo mpagazi anayemtambua mgeni asiyejua anakokwenda ana thamani ambayo kamera haina.

Turudi kwetu. Mwezi Oktoba 2022 kaburi la pamoja lilifukuliwa msituni wilayani Mzimba. Siku ya kwanza ilipatikana miili 25, ya watu walioaminika kuwa wahamiaji kutoka Ethiopia. Mwaka huo huo Umoja wa Mataifa ulieleza kwamba zaidi ya watu 90 walikuwa wameokolewa kutoka mikononi mwa wasafirishaji haramu hapo Dzaleka, wakiwamo wasichana wa miaka 12. Walioliwa fedha kwa ahadi ya ndege huishia kwenye njia kama hizi: wakiisha kudaiwa, hupakiwa kwenye lori, au hufanyishwa kazi wasiyolipwa hadi "deni" liishe, nalo haliishi.

Tunajua pia kwamba kuja kwetu si jambo jepesi kwenu. Baada ya amri ya mwaka 2023 ya kuwataka wakimbizi wote warejee kambini, wako kati yenu ambao wakiona sare huanza kutafuta njia nyingine ya kupita. Hatuwaombi msahau. Tunaomba jambo dogo zaidi: anayeleta habari za mtoto aliyeuzwa asikilizwe kwanza habari hiyo, kabla hajaulizwa karatasi zake. Hilo ni letu kulitimiza, na mtatupima kwalo.

Kuna jambo jingine kuhusu viwanja vidogo, nalo halihusiani na wahalifu. Tarehe 10 Juni 2024 ndege iliyombeba Makamu wa Rais Saulos Chilima ilishindwa kutua Mzuzu kwa sababu ya hali mbaya ya hewa, ikaagizwa kurudi Lilongwe, ikaanguka katika msitu wa Chikangawa. Hakunusurika hata mmoja. Kwa hiyo rubani akikataa kuruka kwa ajili ya ukungu, msimzonge, hata kama mgonjwa anasubiri. Na mbuzi, jamani, wasichungwe kwenye njia ya kurukia. Tunacheka, lakini mnyama mmoja anatosha kuiangusha ndege.

Mkiambiwa kwamba nafasi ya kuhamishiwa nchi ya tatu inauzwa, mjue ni uongo: huduma za UNHCR hazilipiwi, na ndege za wanaohamishwa haziondoki usiku kutoka kisiwani. Mkimwona msichana ambaye mtu mwingine amemshikia pasi na simu, au kijana asiyejua jina la mji anaopelekwa, andikeni saa, mahali, namba ya gari au jina la mashua, na mavazi. Msimkabili dalali wenyewe. Pelekeni habari kituo cha polisi kilicho karibu au kwa kamati ya polisi jamii, na mnaweza kuja wawili au watatu ili asiwepo mmoja wa kunyooshewa kidole.

Muda uliobaki ni wa maswali. Tungependa yaanze kwa akina mama walioketi nyuma, kwa kuwa tumewaona wakinong'onezana tangu tulipotaja deni.