Chujio la Damu na Kazi Yake
(Mazungumzo kwa watu wa Thika na Ruiru)

Watu wa Thika na Ruiru waijua kazi ya chujio. Kila nyumba inalo la kuchujia chai, na asiyelitumia hunywa majani. Lakini ni wachache wajuao kwamba chujio limo pia katika mpira uning'iniao kando ya kitanda cha mgonjwa hospitalini.

Mama aliyetokwa na damu nyingi akijifungua hutiwa kwanza maji ya chumvi mshipani. Damu ifikapo, mwuguzi huuondoa mpira ule akaleta mwingine. Jamaa hunung'unika wakidhani kwamba anapoteza wakati. Sivyo hata kidogo.

Mpira wa maji una chujio la matundu madogo sana, yapata sehemu 15 kati ya 1,000 za milimita. Damu haikubali chujio hilo. Ingawa hutiwa dawa ili isigande, na kuwekwa katika baridi ya digrii 2 hadi 6, hufanya mabonge madogo madogo. Mabonge hayo yangeziba matundu, damu ikasimama; na kama yangeachwa yapite, yangefika mapafuni. Kwa hiyo mpira wa damu una chujio la matundu ya sehemu 170 hadi 200 hivi. Mabonge hubaki, na chembe nyekundu, ambazo upana wake haufiki sehemu 10, hupita salama.

Tena mwuguzi hujaza kikombe cha matone mpaka chujio lifunikwe, ili chembe zisiumie kwa kuliangukia. Maji ya sukari hayapitishwi katika mpira huo, maana huharibu chembe. Na mfuko mmoja wapasa kwisha katika muda wa saa 4.

Lakini chujio lina mpaka wake. Halizuii virusi vya Ukimwi, wala vya homa ya ini, wala halipatanishi damu za makundi yasiyopatana. Hayo huzuiwa kwa kupima damu kabla ya kutolewa kwa mgonjwa, na kwa kuhakikisha jina lake kitandani.

Basi, mwuguzi abadilipo mpira na kuuliza jina mara ya pili, jamaa na wamwache afanye kazi yake. Mgonjwa akitetemeka au akishindwa kupumua, na aitwe upesi.

Thika ni mji wa viwanda, lakini hakuna kiwanda kitengenezacho damu. Hutoka kwa mtu mzima mwenye afya, aliyekubali kumpa mwenziwe.