Ustaarabu Usio na Magofu: Bonde la Pangani na Nyika ya Uzigua

Mada kwa semina ya walimu wa historia, Kabuku



Katika vitabu vya shule, sura ya ustaarabu wa kale huanzia Misri. Mto Nile unafurika kila mwaka na kuacha tope lenye rutuba, mkulima anavuna zaidi ya anachokula, ziada hiyo inalisha makuhani, makarani na askari, na karibu mwaka 3100 KK Misri ya juu na ya chini zinakuwa chini ya mfalme mmoja. Kisha tunapelekwa Iraki ya leo, walikochimba mifereji watu wa Sumeri. Ni sura ya kweli na inafaa kufundishwa. Tatizo ni kile anachobaki nacho mwanafunzi wa hapa baada ya kufunga kitabu. Anaitazama nyika ya Handeni, vichaka vyake na mvua zake zisizoaminika, haoni piramidi, anaamua kwamba mababu zake walikaa tu wakingoja wageni.

Uamuzi huo si sahihi. Mazingira ya hapa yalidai akili ya aina nyingine, nayo ilipatikana. Nile iliwapa Wamisri maji na udongo mahali pamoja. Huku kwetu maji na chuma viko milimani, malisho yako nyikani, chumvi na shanga ziko pwani. Ustaarabu wa kwetu ulikuwa kazi ya kuviunganisha vitu hivyo bila kumwacha mtu afe njaa pale kimoja kinapokosekana.

Tuanze na milima. Upepo wenye unyevu kutoka Bahari ya Hindi unapogonga Usambara hupanda, hupoa na kumwaga mvua. Upande wa nyuma na chini, nyikani, panabaki pakavu. Ndiyo maana dalili za wakulima wa kwanza waliojua chuma zinapatikana kwenye maeneo yenye unyevu. Mwaka 1967 mwanaakiolojia Robert Soper aliandika juu ya vyungu vya Kwale, kusini mwa Mombasa, vya takriban karne ya 3, na vyungu vya jamii hiyo hiyo akavikuta Upare wa kusini na Usambara. Watu hao walichagua ardhi kwa makini. Kuyeyusha chuma kunataka mawe au mchanga wenye madini, udongo wa kutengenezea mirija ya kupitishia hewa ya mivukuto, na makaa mengi ya miti migumu. Milima ina vyote, na bado ina mvua ya kukuza chakula cha wahunzi.

Kutoka milimani kazi hiyo ikawa biashara. Upareni ukoo wa Washana ulisifika kwa uhunzi, na majembe na silaha za Upare zilifika mpaka kwa Wachaga. Mwenye chuma hakuhitaji kulima kila kitu, na mwenye ng'ombe hakuhitaji kufua jembe.

Karne kadhaa baadaye, kati ya karne ya 7 na ya 9, vyungu vyenye mapambo ya pembetatu vilienea pwani nzima, Lamu, Unguja Ukuu na Kilwa, na vilevile bara. Profesa Felix Chami wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam alionyesha katika utafiti wake wa mwaka 1994 kwamba vyungu hivyo ni vya wakulima na wahunzi wa Kiafrika wa hapa hapa. Miji ya pwani ilimea kutoka katika jamii hizo. Halafu akaja mwanaakiolojia Jonathan Walz, aliyefuata njia za kale kandokando ya Mto Pangani, ambao wengine huuita Ruvu. Kwa Mgogo, karibu na Mombo, alifukua shanga za kioo na makombe ya baharini. Naomba mlipime jambo hili. Kioo kilichovuka Bahari ya Hindi kiliishia shingoni mwa mtu wa Korogwe miaka mia kadhaa kabla ya Mreno wa kwanza. Vasco da Gama alipoiteketeza meli yake São Rafael karibu na Tongoni, kusini mwa Tanga, Januari 1499, alikuwa mlangoni mwa bonde ambalo tayari lilikuwa limezoea kufanya biashara na dunia.

Sasa Usambara wenyewe. Steven Feierman, katika kitabu chake cha mwaka 1974 juu ya ufalme wa Wasambaa, anaeleza jambo ambalo kila mwalimu wa jiografia angependa. Vijiji vingi vya zamani vilijengwa karibu na ukingo wa mlima, pale unapoanza kuteremka. Kwa nini huko, wakati katikati ya mlima ni salama zaidi? Kwa sababu aliyekaa ukingoni aliweza kuwa na migomba juu kwenye baridi na shamba lingine chini nyikani kwenye joto. Mvua za sehemu hizo mbili haziharibiki kwa pamoja mara nyingi. Wadudu wakila cha chini, cha juu kipo. Na mgomba wenyewe ulitoka Asia ya kusini mashariki. Baadaye mahindi na muhogo vilikuja kutoka bara la Amerika. Mkulima wa milima hii alipokea mazao ya mabara mengine, akayapanga kwa mwinuko wa shamba lake. Huo ni ujuzi wa kisayansi, hata kama haukuandikwa.

Hapo ndipo penye habari ya Mbegha. Simulizi zinasema alikuwa mwindaji kutoka Unguu, ambako leo ni wilaya ya Kilindi, akapanda Usambara akiua nguruwe walioharibu mashamba na kuwagawia watu nyama. Ukoo wake wa Wakilindi ukatawala kutoka Vuga tangu karne ya 18. Naipenda simulizi hii kwa sababu inasema wazi raia walitaka nini kwa mtawala: awaondolee mnyama shambani na agawe chakula. Walimtaka pia avute mvua. Mfalme Kimweri ye Nyumbai, aliyefariki mwaka 1862, alihesabiwa mkuu kwa vipimo hivyo. Baada yake wana wa ukoo waligombana, mmoja wao, Semboja, akiwa Mazinde kwenye njia ya misafara, na bunduki ikachukua nafasi ya mvua katika kuamua nani mkubwa.

Nimekaa juu mlimani muda mrefu, lakini ugumu wa kweli uko huku chini. Nyika ya Uzigua haina ukingo wa kuponea. Ina masika na vuli ambazo mwaka mmoja hunyesha na mwingine hazionekani, na ina mbung'o anayebeba nagana ya ng'ombe. Mbung'o anahitaji kivuli cha kichaka na damu ya wanyama pori, ngiri na nyati hasa. James Giblin, katika kitabu chake cha mwaka 1992 kuhusu wilaya hii hii ya Handeni, anaonyesha kwamba Wazigua, wenyeji wa nyika hii, waliweza kufuga penye mbung'o kwa kulitawala pori. Walifyeka, wakachoma kwa majira, wakawinda, na kijiji kikazungukwa na mashamba kabla ya kichaka. Ng'ombe aliyechungwa pembezoni aliumwa na mbung'o mara chache, akajenga uwezo wa kuvumilia.

Kazi kama hiyo haifanywi na kaya moja. Inahitaji watu wengi wasihame hata mwaka wa njaa. Waliowazuia wasihame ni wakubwa wa vijiji, waliokuwa na maghala na mifugo, ambao mwaka mbaya waliwalisha waliokuwa chini yao. Ghala ndilo lililofyeka pori. Kwa maoni yangu hii ndiyo sehemu nzito kuliko zote katika historia ya Handeni, nayo haimo katika kitabu chochote cha kidato.

Ushahidi upo pale maghala yaliposhindwa. Katika njaa kubwa ya miaka ya 1830 Wazigua wengi walikwenda pwani kutafuta chakula, wakauzwa utumwani na kuvushwa hadi Somalia. Wengi walitoroka, wakaanzisha vijiji vya kilimo katika misitu ya Mto Juba, na wakakitunza Kizigua kizazi baada ya kizazi. Vita vya Somalia vilipolipuka mwaka 1991, baadhi ya wajukuu wao walirudi katika mkoa huu, wakakaa Mkuyu na baadaye Chogo, humu humu Handeni, na baadhi wamepata uraia wa Tanzania. Walimu mnao watoto wao madarasani.

Kisha ukaja utawala wa Wajerumani. Bwana Heri wa Saadani, Mzigua, alipigana nao hadi 1890. Sotoka iliua ng'ombe, nzige wakafuata, na mwaka 1898 ikatozwa kodi ya kibanda. Nafaka iliyokuwa ikiingia ghalani ikaanza kuuzwa mara baada ya mavuno ili kupata fedha ya kodi, na vijana wakaenda kwenye mkonge, zao ambalo Richard Hindorf alilileta mwaka 1893. Reli ilifika Korogwe mwaka 1902. Mkubwa asiye na ghala hakuwa na cha kuwazuia watu wasihame. Watu wakatawanyika, pori likarudi, na mbung'o akarudi na pori. Maofisa waliofuata, Waingereza wakiwemo, walikuta kichaka na kudhani kimekuwepo tangu kuumbwa kwa dunia.

Niseme haraka juu ya Engaruka, kwa kuwa swali litaulizwa. Kule chini ya ukingo wa Bonde la Ufa, kati ya karne ya 15 na ya 18, wakulima walimwagilia takriban kilomita za mraba 20 kwa mifereji iliyojengewa mawe. Tunawasifu kwa sababu mawe yanaonekana, na wanastahili. Walitegemea vijito vichache mahali pamoja, na mashamba yao yakaachwa. Wazigua na Wasambaa walitumia mti, udongo na moto, vitu ambavyo mchwa na mvua hula, lakini mpangilio wao ulikuwa na milango mingi ya kutokea.

Ndugu washiriki, leo Handeni inakunywa maji ya Mto Pangani kwa bomba, na trekta linapita mahali palipokuwa na vijiji vya kale. Nawaomba mambo mawili. Mkiona vigae vyenye mapambo, mavi ya chuma au mirija ya udongo shambani, msiviokote kuvipeleka darasani. Wekeni alama mahali penyewe na mtoe taarifa kwa Idara ya Mambo ya Kale, maana Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inavilinda. Na kabla muhula huu haujaisha, kila shule iwape wanafunzi kazi ya kuwauliza wazee wao vijiji vya zamani vilikuwa wapi, maghala yalijengwaje, na pori lilichomwa mwezi gani. Majibu yaandikwe daftarini, na daftari libaki maktaba ya shule.