Usiguse Faili la Kwanza: Sauti za Mikutano Yetu na Namna ya Kuzibadili

Hii ni mada niliyoiwasilisha Jumamosi kwa waenezi wa kata na vijana wetu wa mitandao. Nimeiandika karibu kama nilivyoizungumza.

Najua mmekaa tangu asubuhi na chakula kimechelewa, kwa hiyo sitawachosha. Nimepewa dakika ishirini nizungumzie jambo ambalo wengi wetu tunaliona dogo: mafaili ya sauti. Mnarekodi mikutano, mnakata klipu, mnarusha kwenye magrupu, mnapelekea redio. Mimi ni mwanafunzi wa sheria, si fundi mitambo, na ndiyo maana nitaanzia kwenye shida inayoweza kukufikisha kwa wakili, halafu ndiyo tufungue kompyuta.

Mwenezi mmoja wa kata, simtaji na wala hayupo humu leo, alirekodi mkutano wa hadhara mwanzo mpaka mwisho kwa simu yake. Saa moja na nusu. Kazi nzuri kabisa. Usiku akaiweka kwenye laptopu, akakata sekunde arobaini tamu, akaitoa MP3, akarusha. Simu ilikuwa imejaa, akafuta rekodi nzima. Wiki ya pili ikazuka klipu nyingine ya mkutano uleule, imekatwa na watu wengine, sentensi imeachwa nusu, msemaji wetu anasikika kama anawachochea watu wakavunje ofisi ya kijiji. Sentensi nzima ilikuwa inasema kinyume chake. Waliokuwepo wote tunajua. Ila sauti ya kuonyesha hilo haipo, imebaki ile ya sekunde arobaini ambayo haigusi kabisa sehemu inayobishaniwa.

Sasa tuelewane kwanza hizi fomati ni nini, maana nasikia watu wanasema "nimeibadilisha kuwa WAV" kwa kufuta herufi za mwisho za jina la faili na kuandika nyingine. Hapo hujabadilisha kitu. Umembadilisha mtu jina tu, mtu ni yuleyule, na programu nyingine itagoma kulifungua.

WAV kwa kawaida inahifadhi sauti bila kuibana. Ni nzito. Kwa kiwango cha CD, yaani sampuli 44,100 kwa sekunde, biti 16, stereo, dakika moja inakula kama megabaiti 10. Mkutano wa saa mbili unazidi gigabaiti moja. FLAC inabana lakini haitupi chochote: ukiifungua unapata sauti ileile. MP3, M4A ya simu nyingi, na Opus ya ujumbe wa sauti wa WhatsApp, hizi zinabana kwa kutupa. Zinaangalia sikio la binadamu lisingeshika nini, zinakiondoa. Ndiyo maana MP3 ya kilobiti 64 kwa sekunde inakupa saa mbili za hotuba ndani ya megabaiti 58 hivi, na kwa sauti ya mtu mmoja anayeongea inasikika vizuri tu.

Kilichotupwa hakirudi. Ukichukua MP3 ukaifanya WAV, unahamisha maji ya glasi kwenye ndoo. Ndoo ni kubwa, maji ni yaleyale. Na ukichukua MP3 ukaifanya MP3 nyingine, kisha mwenzako akaifanya Opus, kila hatua inapunguza tena. Mwisho unasikia ile sauti ya mtu anayeongea akiwa ndani ya pipa. Kibaya kuliko vyote ni hii tabia ya kucheza rekodi kwenye spika ya simu moja na kuirekodi kama ujumbe wa sauti kwenye simu nyingine. Jamani. Kuku wanaingia humo, bodaboda inaingia humo, na huwezi kumwambia hakimu kipi kilikuwa mkutanoni na kipi kilikuwa sebuleni kwako.

Kwa hiyo utaratibu ninaouomba ni huu. Ukimaliza kurekodi, chomeka simu kwenye kompyuta kwa waya, nakili faili lilivyo, na jina lake na fomati yake. Usilifungue kwenye programu ya kuhariri. Nakala moja kwenye kompyuta, nyingine kwenye flashi inayokaa kwa mtu mwingine. Hilo ndilo faili la kwanza, na haliguswi. Kama ni lazima kulituma kwa WhatsApp, litume kama dokumenti ili lisibanwe tena njiani, lakini ujue kwamba huko linakofika tarehe ya faili inaweza kuwa ya siku lilipopokelewa. Ndiyo maana waya ni bora.

Halafu tengeneza nakala ya kazi. Hiyo ikate unavyotaka. Wengi mnatumia Audacity, ni ya bure na inakaa hata kwenye laptopu zetu hizi za mitumba. Jambo linalowachanganya watu: ukibonyeza Save Project, unapata faili la aup3, na hilo si sauti, ni daftari la kazi la Audacity yenyewe. Kamanda anamtumia mtangazaji aup3 saa kumi na moja alfajiri, mtangazaji anashindwa kulicheza, kipindi kinapita. Unatakiwa uende File, kisha Export, uchague MP3 au WAV, uchague mono kwa sababu hotuba haihitaji stereo, halafu uweke kiwango. Redio wakikuomba WAV, wape WAV, na itoe kutoka kwenye nakala ya rekodi ya kwanza, usiitoe kwenye MP3 uliyorusha jana. Kwa magrupu, kilobiti 64 mono inatosha. Tuhurumie bando za watu.

M4A ya simu ikikataa kufunguka kwenye Audacity, mara nyingi unakosa FFmpeg. Iweke. Na wale wasioogopa dirisha jeusi la amri, FFmpeg peke yake inamaliza kazi kwa mstari mmoja:

ffmpeg -i mkutano.m4a -ac 1 -b:a 64k mkutano.mp3

Hapo umepata mono ya kilobiti 64, na faili la kwanza limebaki palepale bila kuguswa. VLC nayo inabadili, nenda Media, kisha Convert / Save. Mtu asikutoze elfu tano stesheni kwa kazi hii. Na tafadhali, tovuti za bure za kubadili fomati muachane nazo kwa rekodi za vikao vya ndani. Unapandisha kikao chote kwenye kompyuta ya mtu usiyemjua, halafu unashangaa mambo yamevujaje.

Nirudi kwenye sheria, maana ndiko nilikoitiwa. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015, kifungu cha 18 kama kilivyopitishwa, inasema ushahidi haukataliwi kwa sababu tu ni wa kielektroniki. Watu wengi wanaishia hapo na kufurahi. Endelea kusoma. Mahakama inaangalia uaminifu wa namna ujumbe huo ulivyotengenezwa, ulivyohifadhiwa na ulivyosafirishwa, inaangalia namna ukamilifu wake ulivyolindwa, na namna aliyeutoa alivyotambuliwa. Sasa fikiria umesimama kizimbani na wakili wa upande wa pili anakuuliza: ulirekodi kwa kifaa gani? Faili hili ni la kifaa hicho? Limepita kwenye programu ngapi? Nani alilishika kati ya siku ile na leo? Ukijibu "nililipata kwenye grupu", nakuonea huruma.

Kuna kitu kimoja rahisi kinachosaidia hapa. Kwenye Windows, fungua dirisha la amri, andika:

certutil -hashfile mkutano.m4a SHA256

Itakutolea mstari wa herufi na tarakimu 64. Hiyo ni kama alama ya kidole ya faili. Ukibadili jina la faili, alama haibadiliki. Ukikata hata nusu sekunde, au ukilitoa kwenye fomati nyingine, inabadilika yote. Andika mstari huo kwenye daftari siku ileile, weka tarehe, mahali, jina la aliyerekodi na aina ya simu, msaini watu wawili. Haithibitishi kwamba yaliyosemwa ni kweli, wala haithibitishi kwamba hukulichezea kabla ya kuandika. Inaonyesha kwamba tangu siku ile halijaguswa, na hilo tayari limeua maswali nusu.

Kuna kamanda aliniuliza wakati wa chai, je, kukata klipu ni kosa? Kukata si kosa. Lakini ukikata ili mtu asikike amesema asichosema, unajua unachofanya, na Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 ina kifungu cha 16 kuhusu taarifa za uongo. Sina mapenzi na kifungu hicho, na kwa maoni yangu kimeandikwa kwa upana unaotisha, lakini kipo, na sisi ndio tunaotazamwa zaidi. Tukiwakatia wenzetu sentensi nusu, siku ile tukilalamika kukatiwa sisi hakuna atakayetusikiliza. Klipu yako iwe na sentensi nzima, na kwenye maelezo andika ni mkutano gani, wa tarehe gani.

Mwingine akasema mafaili yatajaza kompyuta ya ofisi. Kweli, yatajaza. Ya mikutano ya kawaida yaliyokaa na hayana mgogoro, kikao cha kata kiamue lini yafutwe na kiandike kwenye muhtasari. Asiamue mtu mmoja saa sita usiku kwa sababu simu imemwambia nafasi imeisha.

Sasa tufungue laptopu. Wale watatu wa nyuma, simu zenu zina rekodi ya kikao cha asubuhi, leteni na waya zake tuanze na hizo.