Wanaolala Mchana

Leo sina habari za Bunge wala za bei ya mahindi. Nataka kusimulia siku moja tu, siku yetu ya kwanza katika kijiji cha wavuvi cha Kipumbwi, wilayani Pangani, na maneno machache niliyoyatamka siku hiyo mbele ya wanangu. Maneno hayo bado yananichoma.

Sisi ni watu wa Kihesa, Iringa. Kwa watoto wetu bahari ilikuwa rangi ya buluu kwenye ramani. Basi Desemba moja, shule zikiwa zimefungwa, mimi na mama watoto tukakata shauri kuwapeleka. Tulipopita Lugalo niliwaonyesha mnara, nikawaeleza kwamba hapo, tarehe 17 Agosti 1891, majeshi ya Mtwa Mkwawa yaliangamiza kikosi cha Mjerumani Emil von Zelewski, naye mwenyewe akauawa. Nikaongeza kwamba mwaka 1888 bwana huyo huyo alikuwa Pangani, huko tuendako, akapandisha bendera ya kampuni yake kwa nguvu, na watu wa pwani wakainuka wakiongozwa na Abushiri bin Salim. “Mgeni asiyepiga hodi,” nikawaambia, “hupata cha kumpata.” Nilisema hivyo kwa majivuno ya baba anayejua historia. Kumbe nilikuwa najisemea mwenyewe.

Tulipita Chalinze, Segera na Muheza, tukavuka Mto Pangani kwa kivuko, na kufika Kipumbwi usiku, nyumbani kwa mwalimu mmoja niliyesoma naye. Asubuhi tukatoka kwenda kutazama bahari. Ilipofika saa tatu maji yalikuwa yamekimbia mbali, na binti yangu mdogo akauliza nani ameyachota. Mwalimu akacheka, akamweleza kwamba maji hujaa na kupwa mara mbili kwa siku, na kila siku huchelewa kwa dakika kama 50. Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu ndipo huja bamvua, maji yakajaa sana na kupwa sana. “Hapa kwetu,” akasema, “saa ya ukutani ni ya shule na zahanati. Watu wengine wote wanafuata mwezi.” Nilitikisa kichwa kama mtu aliyeelewa.

Saa nne tulifika kwenye kivuli cha mivinje. Wanaume walikuwa wamelala. Wengine juu ya nyavu, wengine ndani ya mashua zilizopumzishwa mchangani, wengine wamejifunika kanga usoni kuzuia nzi. Nilihesabu zaidi ya ishirini. Mwanangu wa kiume, mwenye miaka 12, akaniuliza, “Baba, hawa hawana kazi?” Nami, bila kufikiri hata nukta moja, nikajibu, “Ndio watu wa pwani hao, mwanangu. Kwetu saa hizi mtu yuko shambani.”

Pembeni alikuwa ameketi mzee mmoja akishona wavu. Alinisikia. Hakusema neno ila, “Karibuni, wageni.” Hapo ndipo nilipokumbuka kwamba tulimpita mzee wa watu bila shikamoo. Kule Iringa, ukimpita mtu mzima bila “kamwene”, utaulizwa umezaliwa na nani.

Mbele kidogo akina mama walikuwa wameanika dagaa. Walikuwa wengi ajabu, wamechemshwa kwa maji ya chumvi, wametandazwa juani, wanang'aa kama bati jipya. Mama watoto alisimama nao, wakamweleza kwamba mvua ikinyesha ghafla kabla dagaa hawajakauka, mtaji wote umekwenda. Mimi nilipiga picha. Dagaa wote wale, wasikilizaji, hawakujivua wenyewe wala hawakutembea kwa miguu kutoka baharini. Ushahidi ulikuwa umeanikwa mbele ya macho yangu, nami nikaupiga picha nisiusome.

Tuliporudi, yule mzee alimwita mwanangu. “Mjukuu wangu, leo usilale mapema. Saa kumi na mbili na nusu mlete baba yako hapa.” Tazameni adabu ya mtu huyo. Alimwagiza mtoto amlete baba shuleni.

Tulikwenda. Wale waliolala walikuwa macho, na pwani yote ilikuwa inachemka. Huyu amebeba mashine begani, yule betri, yule taa, wanane wamebeba wavu mmoja wa kuzungushia. Wakasukuma mashua kwa sauti moja hadi maji yakawafika kifuani, wakadandia, wakaondoka. Nikamwamkia mzee kwa heshima zote, nikaketi chini karibu naye. Akanieleza kwamba dagaa huvuliwa usiku wa giza, kwa sababu huifuata taa. Zamani walitumia karabai, siku hizi ni taa za betri. Mbalamwezi ikiwaka baharini kote, dagaa hawakusanyiki, na hizo ndizo siku za kushona nyavu na kuziba mashua. Mwezi unapofichama, kazi ni kutoka magharibi hadi alfajiri. Upepo wa kaskazi ukichafuka katikati ya usiku, walio nyumbani nao hawalali.

Baada ya muda taa zikawaka kule mbali, moja moja, kama taa za Iringa mjini zinavyoonekana usiku. Mwanangu alikuwa kimya. Kisha akasema, “Baba, kumbe asubuhi tuliwakuta usiku wao.”

Sikuwa na la kumjibu. Nikamwomba mzee radhi, na mtoto akisikia. Mzee akacheka, akasema si mimi wa kwanza. “Wanakuja wataalamu na magari, wanaitisha mkutano saa nne asubuhi. Vijana wakija, wanasinzia. Wasipokuja, inaandikwa kwamba hatuna mwamko.” Halafu akaniambia jambo lililonifuta machozi kwa kicheko. Katika ujana wake alipata kusafiri na lori la dagaa hadi kwetu, mwezi wa Septemba. Aliona milima imekauka na wanaume wameketi juani wamejikunyata kwa makoti. “Nikasema, hawa watu wa baridi ni wavivu kweli!” Ikawa zamu yangu kueleza: mahindi huvunwa katikati ya mwaka, kiangazi kazi huhamia mabondeni kwenye unyevu, kwenye bustani tuziitazo vinyungu, na tangu alfajiri wake zetu wako huko wanalima mboga na maharage. Aliye juu ya lori hawaoni. Tukasameheana.

Wahenga walisema maji usiyoyafika hujui wingi wake. Mimi niliyafika, nikadhani nimeyajua kwa sababu nimelowanisha viatu. Na hili si la wasafiri tu. Mlinzi anayesinzia kwenye daladala saa mbili asubuhi, muuguzi aliyefunga mapazia mchana, muoka mikate anayekwenda kulala wenzake wanapoamka: wote hao tunawahesabia saa za usingizi, saa za kazi yao hatukuwapo. Wenye ofisi nao, kabla ya kuandika kwamba kijiji fulani hakina mwamko, waulize kwanza kijiji hicho huamka saa ngapi. Mkutano wa Kipumbwi unaweza kuitishwa wakati wa mbalamwezi, na watu watajaa.

Nawe unayepita asubuhi soko la samaki la Feri, Dar es Salaam, ukibishania bei na huku umeoga na kunywa chai, kumbuka kwamba kuna mtu ambaye kwa saa hiyo ndiyo kwanza anatafuta kivuli. Ukimkuta, mpite polepole. Amelala.

Kwa leo ni hayo. Kwaherini.