Mkate, Usingizi na Mwenzi

  Mwenye Biblia na afungue Kitabu cha Kwanza cha Wafalme, sura ya 19. Leo tunataka kusema juu ya wasiwasi unaotushika wakati wa maradhi makuu, na ambao hubaki moyoni hata maradhi yakiisha kupita.

Sisi watu wa Taita Taveta hatuhitaji kuhadithiwa jambo hili. Tarehe 13 Machi 2020 ilitangazwa ya kwamba mgonjwa wa kwanza wa Korona amepatikana Kenya. Siku chache baadaye shule zilifungwa, na milango ya makanisa nayo ikafungwa. Tangu tarehe 27 Machi, watu walikatazwa kutembea nje kuanzia saa moja jioni mpaka saa kumi na moja alfajiri. Mwezi wa Aprili njia ya kuingia Mombasa ilizuiwa, isifunguliwe mpaka tarehe 7 Julai, na wenye jamaa huko wakabaki kusikia sauti zao kwa simu tu. Wageni waliacha kuja Tsavo, na watumishi wengi wa hoteli wakarudi nyumbani mikono mitupu. Mazikoni waliruhusiwa watu 15 tu. Kwetu, ambako msiba wa mmoja ni msiba wa kijiji kizima, hilo lilikuwa jeraha kubwa. Wako waliofiwa ambao mpaka leo hawajapata kulia pamoja na wenzao.

Amri ya kutotoka usiku iliondolewa Oktoba 2021. Mei 2023, Shirika la Afya Ulimwenguni lilitangaza kwamba hali ya dharura ya Korona imekwisha. Lakini tarehe 31 Julai 2024 serikali ilitangaza mgonjwa wa kwanza wa Mpox nchini Kenya, naye aligunduliwa hapa kwetu, katika kituo cha mpakani Taveta, akiwa msafiri kutoka Uganda kwenda Rwanda. Ugonjwa huo ni mwingine kabisa, walakini mioyo mingi ilishtuka upya, kama kidonda kilichoguswa kabla hakijapona.

Wasiwasi huu ni kitu gani? Sisi tunaokaa karibu na mbuga tunaweza kuufahamu kwa urahisi. Ndovu akiingia shambani usiku, moyo hudunda, pumzi huenda mbio, na usingizi hukimbia. Hofu hiyo ni zawadi ya Mungu, kwa maana hutuokoa. Ndovu akiisha kuondoka, mwili hutulia na mtu hulala. Lakini maradhi hayaonekani kwa macho. Hatujui yameingia lini, wala yameondoka lini. Basi mwili hukesha mchana na usiku, ukimngojea ndovu asiyeonekana. Ndipo mtu anapoumwa kichwa, anapokosa hamu ya chakula, anapowagombeza watoto bila sababu, na anapoamka saa nane za usiku asilale tena.

Wengine wetu kanisani husema kwamba Mkristo mwenye wasiwasi hana imani. Neno hilo limewafunga wengi vinywa. Wanaimba pamoja nasi Jumapili, kisha wanarudi nyumbani kubeba mzigo wao peke yao. Lakini hebu tumtazame Eliya. Huyu ni nabii aliyeomba moto ukashuka kutoka mbinguni. Hata hivyo, Yezebeli alipotishia kumwua, alikimbia. Alimwacha mtumishi wake Beer-sheba, akaenda jangwani mwendo wa siku nzima, akaketi chini ya mti, akamwomba Mungu amwondolee uhai.

Je, Mungu alimkemea? Hakumkemea. Alimwacha alale. Kisha akamtuma malaika amguse, naye akakuta mkate uliookwa na maji ya kunywa. Akala, akalala tena, akaguswa mara ya pili, akala tena. Mahubiri hayakutangulia. Kwanza ulitunzwa mwili. Ndugu mpendwa, mwenye kulala mapema, kula chakula chake, na kutembea kidogo kila siku hapungukiwi na imani. Anaitii njia ya Mungu. Tena, habari za ugonjwa zatosha kusikilizwa mara moja kwa siku, kutoka kwa wanaojua. Uvumi wa kwenye simu tusiupokee, wala tusiupeleke kwa jirani.

Baada ya hayo, kule Horebu, Mungu alimwuliza Eliya anafanya nini pale, akamsikiliza. Akamwuliza tena mara ya pili, akamsikiliza tena, ingawa Eliya alirudia maneno yale yale. Hapa tunajifunza namna ya kumtembelea mwenye hofu. Tusiwe wepesi wa kumwambia ajikaze. Tumwulize, kisha tunyamaze, hata kama hadithi yake tumekwisha kuisikia.

Mwisho, Eliya alidhani amebaki peke yake. Mungu akamwonyesha kwamba wako 7,000 wasiomsujudia Baali, akampa na Elisha awe mwenzi wake. Hofu ilikuwa imemtenga na mtumishi wake, na Mungu alimponya kwa kumrudisha kwa watu, tena akampa kazi ya kufanya. Basi, mama uliye peke yako, mwite jirani mkapige soga. Wazee wa kanisa, tuwaandike majina wale waliozika bila wenzao, twende kwao, tukae matanga yaliyochelewa. Hakuna aliyechelewa kufarijiwa.

Na kama usingizi umepotea kwa majuma mengi, au kazi za kila siku zimekushinda, nenda hospitali ukamweleze mganga. Tunamwomba Mungu atuponye malaria na bado tunameza dawa, na maradhi ya moyo uliolemewa nayo yana matibabu. Yeyote anayewaza kujitoa uhai, kama Eliya alivyotamani kufa, asiachwe peke yake hata kwa saa moja. Mketi naye, mmpeleke kwa daktari siku hiyo hiyo.

Na tuombe. Ee Mungu Baba, uliyemlisha Eliya jangwani, wakumbuke wote wasiolala usiku huu katika Voi, Taveta, Mwatate na Wundanyi. Uwape usingizi, uwape chakula, uwape mwenzi. Na sisi utufanye kuwa mikono ya malaika wako, tuwaguse kwa upole. Kwa jina la Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.